Nani Atamwambia Rubani?

Alfajiri, kabla jua halijapanda juu ya vichuguu vya Luano, wasafiri wamekwisha kupanga mistari na mizigo yao. Mama mmoja anakwenda Kinshasa kumwona binti yake aliyejifungua. Mzee mmoja anarudi Kalemie baada ya matibabu. Mfanyabiashara amefunga marobota yake kwa kamba na kuyakalia asije akaibiwa. Kwetu Katanga ndege si anasa ya matajiri peke yao. Njia ya kwenda Kinshasa ni ndefu na mbovu, na wakati wa masika magari hulala matopeni siku nyingi. Basi mwenye haraka, au mgonjwa, au aliyefiwa mbali, hana budi kutafuta nauli ya ndege, ijapokuwa ni kwa kukopa.

Wasafiri hao huulizana mengi. Je, ndege hii ni ya zamani? Imenunuliwa wapi? Injini zake zimetengenezwa lini? Ni haki yao kuuliza, maana tangu mwaka 2006 kampuni za ndege za nchi yetu zimo katika orodha ya zile zinazokatazwa kuruka Ulaya kwa sababu ya usalama. Lakini swali moja halisikiki katika mistari ile. Yule bwana mwenye shati jeupe na mistari ya dhahabu mabegani, apitaye mbele yetu na mkoba wake, jana usiku aliacha kunywa saa ngapi?

Msifikiri, wasomaji wapenzi, kwamba nataka kuwachongea marubani. Wengi wao ni watu wa kiasi kuliko sisi tunaobaki chini. Lakini habari nitakayowaeleza ilitokea kweli, na mtu aliyenigusa zaidi katika habari hiyo si rubani, bali ni dereva wa teksi.

Tarehe 13 Januari mwaka 1977, katika mji wa Anchorage, huko Alaska, upande wa kaskazini kabisa wa Marekani, dereva huyo aliwachukua watu wa ndege kutoka hotelini mpaka uwanjani. Ilikuwa bado usiku, na baridi kali. Aliona kwamba rubani mkuu, Mmarekani mwenye umri mkubwa na ujuzi wa miaka mingi, alikuwa akiyumba, na kwamba aliposhuka alijishikilia mlangoni mwa gari ili asianguke. Dereva hakunyamaza. Aliwaeleza wakubwa wake wa teksi, nao wakapiga simu uwanjani kusema kwamba rubani wa Japan Airlines amepelekwa huko naye amelewa. Saa nzima na zaidi ilibaki kabla ya ndege kuondoka. Mtu aliyeipokea simu ile alifikiri hivi: kama rubani amelewa kweli, kampuni yake itamwona na kufanya ipasavyo. Kisha akaendelea na kazi yake.

Kampuni haikumwona. Ndani ya ndege walikuwamo wenzake wawili, rubani msaidizi na fundi wa safari, Wajapani wote wawili, walio chini yake kwa cheo. Nao hawakumzuia. Ndege ilikuwa DC-8 ya mizigo, imepakia ng'ombe wa kupelekwa Japani, pamoja na wachungaji wawili wa ng'ombe hao. Iliruka, ikainua pua yake mno, na barafu iliyoganda mabawani ikazidisha ubaya. Mabawa yakapoteza nguvu ya kuichukua hewani, ikaanguka karibu na uwanja. Watu wote watano walikufa. Walipopima damu ya rubani mkuu walikuta karibu gramu 3 za alkoholi katika kila lita, yaani mara tatu ya kiasi ambacho kwa sheria ya huko wakati ule kilitosha kumhesabu dereva wa gari kuwa mlevi. Wachunguzi wa serikali walitaja ulevi wa mkubwa, kisha wakataja pia kwamba wadogo wake hawakumzuia.

Hapa mtu ataniuliza: rubani mwenye elimu nyingi namna hiyo, hakujijua? Jibu ni kwamba alkoholi huanza kuharibu kile kiungo ambacho mtu angekitumia kujijua.

Tufanye hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Chupa kubwa ya bia, ya sentilita 72 na nguvu ya asilimia 5, ina gramu 28 hivi za alkoholi. Mwanamume wa kilo 70 akinywa chupa nne kuanzia saa mbili usiku mpaka saa sita, damu yake itakuwa na gramu 1.8 hivi kwa lita. Ini humeza kidogo kidogo, kama gramu 0.15 kwa saa, wala halisukumwi kwa kahawa, wala kwa maji baridi ya kichwani, wala kwa mchuzi wa pilipili. Alale saa nane. Saa mbili asubuhi damu yake ina gramu 0.6 bado. Ameoga, amepiga pasi shati lake, anajisikia mzima. Hata sheria ya Marekani inayosema rubani asiruke kabla ya kupita saa nane tangu kunywa ameitimiza. Lakini sheria ile ile yakataa gramu 0.4, na ile ya Ulaya yakataa gramu 0.2. Mtu huyu amezidi mara tatu kipimo cha Ulaya, naye hana habari. Tena hesabu hii ni ya bia ya kiwandani, ambayo nguvu yake imeandikwa kwenye chupa. Lutuku inayopikwa uani katika mitaa yetu haina maandishi yo yote. Leo ni kali, kesho ni kali zaidi, na mnywaji hawezi kuhesabu kitu.

Marubani wawili wa ndege ya DC-3 huko Finland walikunywa mpaka kama saa nane za usiku, wakalala kidogo, wakaenda kazini asubuhi ya tarehe 3 Januari 1961. Ndege yao ilianguka msituni karibu na Vaasa. Watu 25 walikuwamo. Hakupona hata mmoja.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawalijui, nalo ni la sikio. Ndani kabisa ya sikio mna mifereji midogo yenye maji, na katika maji hayo kuna kitu laini kama ute mzito ambacho hutuambia kama tumesimama sawa au tunazunguka. Alkoholi huingia katika ute ule upesi kuliko katika maji. Ute unakuwa mwepesi, na ndiyo sababu mlevi akilala huona kitanda kinazunguka. Baadaye alkoholi hutoka kwenye ute kwanza, na mzunguko hugeuka upande wa pili. Kipindi hiki cha pili chaweza kudumu saa nyingi, hata damu ikiwa imekwisha kusafika. Mtu wa chini hana taabu kubwa, maana anauona ukuta na anauona mti. Lakini rubani aliye ndani ya wingu jeusi la Januari juu ya Katanga haoni ardhi wala mbingu. Sikio lamwambia ndege imelala upande wa kushoto. Saa zilizo mbele yake zamwambia imenyooka. Amwamini nani? Aliyelala vema na asiyekunywa amefundishwa kuziamini saa zake, naye hujilazimisha. Yule mwingine huenda akaligeukia sikio.

Tukumbuke pia kwamba Luano penyewe pako mita 1,300 na zaidi juu ya bahari, na ndege ndogo ziendazo Pweto au Moba hupanda juu zaidi, mahali ambapo hewa ni nyembamba. Ubongo usiopata hewa ya kutosha hufanya makosa kama ya mlevi. Ukiongeza na alkoholi, makosa hujumlishwa.

Na bangi je? Wako vijana wanaosema bangi haina harufu ya kinywa kama pombe, tena haimwangushi mtu. Wazee waliotoka Kasai watakumbuka habari walizosimuliwa za mtemi Kalamba Mukenge wa Bena Lulua, ambaye katika miaka ya 1880 watu wake waliitwa Bena Diamba, wana wa bangi, kwa kuwa waliivuta pamoja barazani kama alama ya urafiki. Sitaki kuwahukumu wazee wale. Ila barazani hapakuwa na usukani.

Katika Chuo Kikuu cha Stanford, huko California, mabingwa waliwaalika marubani kumi wenye ujuzi waendeshe mashine ya mazoezi, ile inayoiga ndege bila kuondoka chini. Kisha wakawavutisha bangi iliyopimwa, wakawarudisha mashineni. Makosa ya saa ya kwanza hayakumshangaza mtu. Lililowashangaza, walipotangaza habari zao mwaka 1985, ni kwamba saa 24 baadaye marubani wale walikuwa bado wanashindwa kuufuata sawasawa mstari wa katikati ya uwanja wakati wa kutua. Mwaka 1991 walitangaza jaribio jingine la marubani tisa: saba walikuwa na upungufu baada ya siku nzima, na mmoja tu ndiye aliyehisi kwamba hayuko sawa. Marubani tisa ni wachache, nakubali. Hata hivyo, wengine wote walikuwa tayari kuapa kwamba wako wazima.

Basi ikiwa mwenyewe hajijui, mwenye kujua ni nani? Ni yule aliye karibu naye. Tarehe 8 Machi 1990, kule Marekani, marubani watatu wa Northwest waliendesha ndege ya abiria 91 kutoka Fargo mpaka Minneapolis, wakiwa wamekunywa mpaka usiku sana. Mtu aliyewaona katika baa ndiye aliyepasha habari, na wenye mamlaka wakawakamata walipotua. Mwezi Oktoba mwaka 2018, katika uwanja wa Heathrow huko London, dereva wa basi la kuwachukua watu wa ndege alisikia harufu kwa rubani msaidizi wa Japan Airlines. Akaita polisi. Rubani alikuwa na zaidi ya mara tisa ya kipimo cha sheria, akafungwa miezi kumi. Ndege ilichelewa kama saa moja, ikaenda Tokyo salama bila yeye.

Kwetu Lubumbashi, dereva wa basi angethubutu? Tumelelewa kumheshimu mkubwa, na malezi hayo ni mema. Lakini najua jinsi tunavyosema: «Mimi ni nani nimwambie papa yule ananuka pombe?» Tena iko sababu nzito zaidi ya heshima. Mshahara wa rubani mmoja hulisha nyumba tatu au nne, hulipa shule ya watoto wa dada na dawa za bibi mzaa mama. Mkewe anajua alirudi saa ngapi kutoka Kamalondo. Akisema, mumewe atafukuzwa, na watoto watakula nini? Basi ananyamaza, akampigia shati pasi.

Mahali ambapo adhabu ni kufukuzwa tu, kila mtu huficha. Wamarekani walilitambua hilo, na tangu miaka ya 1970 wana mpango wa kumtibu rubani mlevi anayekubali kutibiwa, akaangaliwa na waganga na wenzake kwa miaka, na akithibitika, akarudishwa kazini. Yule rubani mkuu wa Fargo, Lyle Prouse, alifungwa, akapoteza vyeti vyote, akaacha pombe, akaanza upya kusomea leseni tangu ile ya kwanza kabisa. Northwest walimrudisha, naye akastaafu akiwa nahodha wa ndege kubwa ya Boeing 747. Mwaka 2001 Rais Clinton alimsamehe. Mke wa rubani akijua kwamba neno lake litampeleka mumewe kwa mganga, wala halitampeleka mitaani, labda atalisema. Hilo ni la wenye kampuni na wenye serikali kulitengeneza, wala si la mke.

Kwa sasa, gari la kampuni hupiga honi langoni saa kumi na moja alfajiri. Mke hufungua mlango, na mume hupita karibu naye akiuchukua mkoba wake. Dereva anangoja garini, kioo kimefungwa kwa ajili ya baridi.