Mtoto akitekwa, nani aanze kumtafuta?

Katika elimu ya fiqhi kuna wajibu uitwao fardhi kifaya. Kumwosha maiti, kumkafini, kumswalia na kumzika ni mifano ambayo kila mtoto wa madrasa huisoma. Wakiitekeleza baadhi ya watu, wengine huondokewa na dhima. Isipotekelezwa, dhambi huwaenea wote. Kumwokoa mtu anayeangamia nako wanazuoni wamekuweka katika fungu hilo hilo. Hata hivyo, wajibu wa namna hii una mtihani wake: kwa kuwa ni wa wote, kila mmoja hudhani mwenzake ameshauanza.

Kwa upande wa maiti, mitaa yetu imeushinda mtihani huo. Mwoshaji anajulikana, wachimba kaburi wanajulikana, na jeneza linajulikana lilipo. Msiba ukitokea usiku wa manane, hakuna anayeuliza nani ni nani. Lakini je, mtoto akitekwa saa kumi jioni akitoka chuoni, nani anajulikana? Swali hili tunapenda kulitazama leo kwa mfano wa Marekani, nchi iliyojifunza jibu lake kwa gharama ya roho za watoto wake.

Mwezi Januari 1996, katika mji wa Arlington, jimbo la Texas, msichana wa miaka 9 aitwaye Amber Hagerman alinyakuliwa mchana kweupe akiwa anaendesha baiskeli yake. Jirani aliyeshuhudia aliwapigia simu polisi mara moja. Pamoja na hayo, siku nne baadaye mwili wa mtoto huyo ulikutwa katika kijito. Kutokana na msiba huo, vituo vya redio na polisi wa eneo hilo waliafikiana kwamba mtoto akitekwa, habari zake zitangazwe papo hapo kwa wananchi wote. Utaratibu huo ukapewa jina la Amber, na kufikia mwaka 2005 majimbo yote 50 ya nchi hiyo yalikuwa nao.

Sisi Waswahili tuna msemo wetu: mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Lakini mbiu huwaita watu tu. Haiwaambii nani afanye nini wakishafika. Na hapo ndipo palipobaki pengo.

Ukubwa wa pengo hilo ulidhihirishwa na utafiti wa ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo la Washington, uliochapishwa mwaka 1997 na kurudiwa mwaka 2006. Watafiti walichunguza mamia ya kesi za watoto waliotekwa kisha wakauawa. Katika kesi hizo, takriban asilimia 76 ya watoto waliuawa ndani ya saa tatu tangu kutekwa. Tuizingatie vyema hesabu hiyo. Saa tatu ni muda ambao familia nyingi bado zingali zinapita kwa majirani na jamaa kuuliza, zikiona haya kwenda polisi.

Sheria za Marekani zilikwisha kulitambua hilo kwa kiasi fulani. Sheria ya mwaka 1990 ilikataza polisi kuweka muda wa kungoja kabla ya kupokea taarifa ya mtoto aliyepotea, na ile ya mwaka 2006 ikaagiza habari zake ziingizwe katika kumbukumbu za taifa ndani ya saa mbili. Lakini nchi hiyo ina takriban vikosi 18,000 vya polisi, na vingi kati yake ni vidogo, vyenye askari wa kuhesabika. Kikosi cha namna hiyo kikipata kesi ya mtoto aliyetekwa, huenda ikawa ndiyo ya kwanza katika historia yake. Askari wataanza kujifunza siku ile ile, na dakika zinakwenda.

Kwa sababu hiyo, mwaka 2005 Wizara ya Sheria ya Marekani ilianza kuwafunza watumishi wa maeneo mbalimbali kuunda timu za pamoja za kanda za kushughulikia utekaji wa watoto. Jimbo la Florida lilikuwa miongoni mwa waliotangulia. Msingi wake ni mwepesi kuuelewa: kidole kimoja hakivunji chawa. Miji na wilaya jirani hutia saini hati ya makubaliano kwamba mtoto akitekwa kwa mmoja wao, wote watakwenda.

Katika timu hizo wamo wapelelezi, waendesha mashtaka, wataalamu wa kutafuta watu porini na majini, wenye mbwa wa kunusa, wachunguzi wa simu na kompyuta, na wachunguzi wa vielelezo. Yumo wa kuzungumza na waandishi wa habari, na yumo wa kukaa na wazazi tu, awape habari za kweli na kuwaliwaza. Kila mmoja anaijua kazi yake kabla ya tukio. Wengine hupita nyumba kwa nyumba wakiuliza maswali yale yale yaliyoandaliwa. Wengine hufuatilia wahalifu wanaojulikana wa eneo hilo. Wengine hupokea simu za wananchi na kuandika kila fununu isipotee. Wanaojitolea nao huandikishwa na kupangwa, ili wasije wakakanyaga nyayo na kuharibu ushahidi.

Muhimu zaidi, timu hizi hufanya mazoezi ya tukio la kubuni, kisha hukaa na kuulizana palipoharibika. Orodha ya simu huhakikiwa, maana namba ya mtu aliyehama haimwokoi mtoto. Tahadhari kabla ya hatari.

Insafu inatutaka tuseme pia kwamba utekaji unaofanywa na mtu baki si wa kila siku. Watoto wengi wanaotoweka huwa wametoroka, au wamechukuliwa na mzazi au jamaa katika ugomvi wa familia. Kwa mwaka 2011, watafiti wa Marekani walikadiria kesi 105 za utekaji mzito wa watu baki au wanaofahamika kidogo tu. Asilimia 92 ya watoto hao walirudi hai, ilhali mwaka 1997 walikuwa asilimia 57. Simu za mkononi zina mchango wake katika hilo, na hatuwezi kuzipa timu peke yake sifa zote. Lakini ni dhahiri kwamba haraka yenye mpango huokoa.

Ndugu wasomaji, jambo hili si la ng'ambo tu. Mwishoni mwa mwaka 2018 na mwanzoni mwa 2019, mkoani Njombe, watoto kadhaa walitoweka na baadaye wakakutwa wameuawa. Hatuna mbwa wala vifaa vya Florida, lakini mpango hauhitaji fedha. Mtaa unaweza kukubaliana leo nani atakimbilia kituo cha polisi, nani atatangaza kwa kipaza sauti cha msikiti, nani atasimama stendi na nani atabaki na mama wa mtoto. Mzazi anaweza kuweka picha ya karibuni ya mwanawe na kukumbuka kila asubuhi amevaa nini. Asingoje saa 24, kama wengi wanavyodhani ndiyo kanuni. Namba 116 ya msaada kwa watoto inafanya kazi Tanzania na Kenya, na haina malipo.

Na tuonye jambo moja: uvumi wa wateka watoto umekwisha kuua wapita njia wasio na hatia. Kazi ya mtaa ni kutafuta, kutoa habari na kushuhudia. Kuhukumu na kuadhibu si kazi yake.

Sharia imekuja kuhifadhi nafsi na kizazi, na katika mtoto vyote viwili vimekutana. Dua tuombe, na sababu tuzishike. Mtaa unaojua jina la mwosha maiti wake na ujue pia jina la atakayeanza kumtafuta mtoto angali hai.

Wabillahi tawfiq.