Sumaku na Maji ya Rangi

Mama amalizapo kutia rangi nguo au katani ya kusukia vikapu, hubakiwa na karai la maji mekundu au ya samawati. Huyamwaga wapi? Mara nyingi penye mteremko, na mteremko huishia mtoni. Kwa Busia mto huo ni Sio, uingiao Ziwa Victoria; kwa Tororo ni Malaba, utokao Mlima Elgon na kuelekea Ziwa Kyoga. Mito yote miwili, katika baadhi ya sehemu zake, ndiyo mpaka wa Kenya na Uganda, wala maji hayasimami forodhani yakaguliwe. Rangi iliyomwagwa ng'ambo hii huchotwa na mama wa ng'ambo ile.

Rangi ya kiwandani imetengenezwa isichujuke kwa jua wala kwa sabuni. Hiyo ndiyo sifa yake dukani, na hiyo ndiyo balaa yake mtoni. Huzuia mwanga usiifikie mimea ya majini, na baadhi ya rangi hizo zikivunjika hutoa kemikali ziwezazo kuleta saratani.

Katika udongo wa vilima vya Sukulu, karibu na mji wa Tororo, mna madini meusi yaitwayo magnetaiti, ambayo hunaswa na sumaku. Wataalamu wa nchi nyingi hutengeneza madini ya namna hiyo maabarani kwa chumvi za chuma na amonia, wakapata chembe za nanomita 10 hivi. Unywele wa binadamu una unene wa nanomita 80,000. Kwa udogo huo, nyuso za chembe za gramu moja zikijumlishwa hupita mita 50 za mraba, sawa na sakafu ya nyumba ndogo. Chembe hukorogwa majini, rangi ikagandama juu yake. Kisha sumaku iwekwapo ubavuni mwa chombo huzivuta, maji yakabaki meupe. Huoshwa, zikatumika tena.

Lakini rangi haikutoweka, imehama tu, na maji yaliyooshea chembe hayana budi kushughulikiwa. Kazi hiyo nayo ingali zaidi ya maabara.

Nyumbani, iwe kijijini au kambini, mkaa hufanya kazi inayofanana na hiyo. Maji ya rangi yapitishwe polepole katika ndoo iliyotobolewa chini, yenye changarawe, mchanga na mkaa uliopondwa. Rangi itapungua, ila maji hayo yasinywewe na mtu wala mnyama. Yamwagwe mbali na kisima. Mkaa huo usirudishwe jikoni.