Usitazame Kichwa, Tazama Reli

Najua wengine mtauliza, mtoto wa Golbanti na treni wapi na wapi? Hapa kwetu tuna mto, tuna mitumbwi, tuna bodaboda na matatu za Garsen, lakini reli hatuna. Ya karibu ni ile ya Mombasa, na kuifikia lazima kwanza upite Malindi na Kilifi. Nilipouliza darasani ni nani aliyewahi kupanda treni, mikono minne tu ndiyo iliyoinuka. Sisi wengine treni tunaijua kwa picha. Basi ikiwa ni ya picha, heri tujue kuzisoma, maana picha ya treni ina mengi kuliko injini inayotoa moshi (na siku hizi nyingi hata huo moshi hazina).

Picha ninazotaka kuwaeleza ni za baba yangu mdogo, ambaye ni baharia katika meli za mizigo. Meli ikifunga gati na wakapewa ruhusa ya kushuka, wenzake huenda madukani, yeye huuliza stesheni iko upande gani. Mwaka jana alishuka Barcelona na Valencia, nchini Uhispania, akarudi na picha zaidi ya mia mbili za treni na tramu. Nyanya alipozitazama zote, aliuliza swali moja tu: "Huko hakuna watu?"

Mombasa baba mdogo ana wazee wawili wenye ugonjwa huo huo wa treni, na mmoja wao ni fundi mstaafu wa reli. Kila akirudi safari, wanakutana, wanatandaza picha mezani na kubishana mpaka chai inapoa. Likizo ya Agosti nilikuwapo. Mimi nilivutiwa na ile treni ya kasi yenye mdomo mrefu bapa, ambayo Wahispania wenyewe wameipa jina la utani la "Bata". Mzee fundi akaisukuma kando. Akasema kichwa cha treni ni kama uso, hupakwa rangi. Ukitaka kuijua treni tazama inapokanyaga.

Alichomaanisha ni upana wa reli, yaani nafasi iliyoko kati ya chuma kimoja na cha pili, ukipima kwa ndani. Gurudumu la treni lina ukingo unaoshika chuma kwa ndani, kwa hivyo treni iliyoundwa kwa upana mmoja haiwezi kupita juu ya mwingine. Itaanguka, hakuna mjadala. Reli ya kale ya Kenya, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901, ina upana wa milimita 1000. Ni rula ndefu ya mwalimu wa hesabu, basi. Waingereza waliuchagua upana huo kwa sababu vifaa vilitoka India, ambako reli za aina hiyo zilikuwa nyingi, na hata vibarua zaidi ya elfu thelathini waliletwa kutoka huko huko. Reli mpya ya SGR iliyofunguliwa mwaka 2017 kutoka Mombasa hadi Nairobi ina milimita 1435, kama reli nyingi za Ulaya na China.

Sasa tuingie Uhispania. Wahispania walipoanza mambo ya reli katika miaka ya 1840, wataalamu wao walipendekeza reli iwe na upana wa futi sita za Kikastilia, ambazo ni milimita 1672. Leo ni 1668. Watu wengi husema eti walifanya hivyo ili jeshi la Ufaransa lisije likapanda treni na kuwavamia. Hadithi hiyo ni tamu, lakini sababu waliyoiandika wataalamu wenyewe ni nyingine kabisa: nchi yao ina milima mingi, walitaka injini yenye tangi kubwa la mvuke ipate nguvu za kupanda, na wakaona tangi kubwa lataka nafasi kati ya magurudumu. Reli yao ya kwanza katika bara, kutoka Barcelona hadi Mataró, ilifunguliwa mwaka 1848. Kwa upande wa injini hoja yao haikusimama muda mrefu, kwa maana Ufaransa na Uingereza ziliunda injini zenye nguvu vilevile juu ya 1435. Hata sisi tunao ushahidi. Mzee fundi ana picha yake akiwa amesimama kando ya injini iitwayo Mount Gelai katika jumba la makumbusho ya reli Nairobi. Injini za kundi hilo zilikuwa 34, zikaundwa Manchester mwaka 1955 na 1956, na kila moja ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Kila moja ina uzito wa tani 250 hivi. Tangi la mvuke limebebwa katikati na seti mbili za magurudumu, moja mbele na nyingine nyuma, kwa hivyo injini ndefu hivyo inaweza kujikunja kwenye kona. Hakuna injini za mvuke zilizozishinda nguvu duniani juu ya reli ya mita moja. Wembamba si unyonge.

Lakini Wahispania walikuwa wameshaamua, na kila treni iliyofika mpaka wa Ufaransa ilibidi isimame. Abiria washuke, mizigo ishushwe, ipakiwe tena upande wa pili. Walipojenga reli ya mwendo wa kasi kati ya Madrid na Sevilla mwaka 1992 wakachagua 1435, na hapo wakawa na shida ile ile ndani ya nchi yao wenyewe. Ongeza reli za milimita 1000 zilizo kaskazini na kwingineko, utaona kuwa nchi moja ina reli za aina tatu.

Hapa ndipo picha ninayoipenda kuliko zote inapoingia. Ukiitazama haraka utasema baba mdogo alibonyeza simu kwa bahati mbaya, kwa sababu hakuna treni ndani yake. Ni reli tu, bandarini Barcelona. Lakini hesabu vyuma: ni vitatu! Chuma cha kwanza ni cha treni zote. Treni nyembamba hutumia cha kwanza na cha pili, na treni pana hutumia cha kwanza na cha tatu. Jamani, jambo rahisi kama nini! Kwa njia hiyo kontena inaweza kutoka melini ikaenda Ufaransa bila kushushwa njiani.

Njia yao ya pili ni ya ajabu zaidi. Kampuni ya Talgo, iliyoanzishwa mwaka 1942, iliunda mabehewa ambayo gurudumu la kushoto na la kulia hayakuunganishwa kwa chuma kimoja. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 treni zao zimekuwa zikibadilisha upana zikitembea. Treni inaingia polepole katika mtambo uliojengwa juu ya reli. Behewa linaegemea vyuma vya kando, magurudumu yanabaki bila uzito, makomeo yanafunguka, halafu reli za kuongoza zinayasukuma magurudumu ndani au nje taratibu mpaka yafikie upana mpya, na makomeo yanajifunga. Abiria anaendelea kunywa kahawa yake. Kampuni hiyo hiyo ndiyo iliyounda treni za kasi zinazobeba mahujaji kati ya Makka na Madina tangu mwaka 2018, kwa hivyo huenda mzee fulani wa hapa kwetu amekwisha kupanda treni ya Kihispania na hakutuambia.

Je, sisi tulifanyaje? SGR ilifika Suswa mwaka 2019 ikasimama. Kutoka hapo kwenda Malaba na Uganda, mzigo unaokwenda kwa treni hufuata reli ya mita moja. Hatuna magurudumu ya Talgo, kwa hivyo kontena hushushwa karibu na Naivasha kutoka treni pana na kupakiwa katika treni nyembamba. Msomaji wa Nairobi anaweza kuona hilo ni jambo dogo. Mtu wa Tana hawezi. Mafuriko ya mwaka 2023 na ya mwaka 2024 yalipokata barabara zetu, sote tuliona gunia la unga likitoka kwenye lori, likaingia mashuani, likatoka mashuani, likaingia kwenye lori la pili, na kila bega lililoligusa lilitaka chake. Gunia lilikuwa lile lile lakini bei dukani ilikuwa nyingine. Kubadilisha reli ni mafuriko ya kila siku, tofauti ni kwamba haya yamejengwa na binadamu.

Tusidhani ni Kenya pekee. Jirani zetu wa Tanzania wamewafikia Wahispania kabisa, wana aina tatu: reli ya kati ya milimita 1000, reli ya TAZARA ya 1067, na reli mpya ya umeme ya 1435 ambayo abiria walianza kuipanda mwaka 2024 kutoka Dar es Salaam. Ukiona picha ya treni ya Tanzania, kwanza uliza ni ya reli ipi, ndipo uisifu.

Tramu nazo zina habari yake. Tramu ni treni ya mjini inayopita barabarani pamoja na magari na watu. Katika picha za Barcelona inapita juu ya majani mabichi yaliyokatwa vizuri kama uwanja wa mpira, na chuma chenyewe unakiona kwa taabu. (Mji huo huo ndio tramu ilimgonga Antoni Gaudí, msanifu wa majengo aliyesifika sana, mwezi wa Juni mwaka 1926, akafa baada ya siku tatu.) Ile ya Valencia, iliyoanza mwaka 1994, ina upana wa milimita 1000, sawasawa na reli yetu ya kale! Mzee fundi alipoambiwa hivyo alivua miwani, akaivaa tena. Kwake yeye reli ya mita moja ilikuwa kitu cha kuzeeka nacho, na kumbe wenzetu wameijengea chombo kipya kinachong'aa. Mombasa pia iliwahi kuwa na vijireli vyake vya mjini, miaka mia moja na zaidi iliyopita. Vilikuwa vyembamba sana, na kigari chenye kiti na paa kilisukumwa na watu. Tajiri alikaa kivulini, wasukumaji wakakimbia juani. Picha zake bado zipo katika kadi za posta za kale, na mimi sioni fahari ndani yake.

Hapo swali la nyanya likanirudia kichwani. Nilizipitia upya zile picha nikitafuta watu, na nikawapata Valencia. Tramu imesimama, sakafu yake iko sawa na jukwaa, na mama mmoja anaingiza kigari cha mtoto bila kusaidiwa na mtu. Kisha mzee wa pili akatoa picha zake za zamani za stesheni ya Mackinnon Road. Treni ya abiria ya reli ya mita moja imesimama, na madirisha yote yamejaa mikono inayonunua ndizi na mayai. Safari hizo kati ya Mombasa na Nairobi zilikoma mwaka 2017. Treni mpya inayosimama njiani husimama Mariakani, Miasenyi, Voi na nyinginezo chache, lakini Mackinnon Road inapita tu. Ni kweli inakwenda kwa saa tano au sita badala ya usiku kucha, na mimi nikipata nauli nitaipanda kwa furaha. Lakini muuza ndizi wa Mackinnon Road hauzi ndizi kwa treni inayopita.

Haya yanatuhusu sisi. Mradi wa bandari ya Lamu ulizinduliwa mwezi wa Machi mwaka 2012, na gati la kwanza likaanza kazi mwaka 2021. Katika mpango wake imo reli ya kutoka Lamu kwenda Garissa, Isiolo na hadi nchi za jirani. Reli hiyo haijajengwa, na njia iliyochorwa haipiti Golbanti. Hata hivyo siku wataalamu watakapokuja kukutana na wazee wetu na ramani zao, kutakuwa na picha nzuri ya treni juu ya karatasi, nyeupe na yenye mdomo wa bata. Mimi ningependa mtu ainue mkono aulize maembe ya Tana yatapandia stesheni gani, ng'ombe wa malisho watavukia wapi, na mzigo utabadilishwa mara ngapi kabla ya kufika sokoni.

Kwa sasa nina ombi kutoka kwa wazee wa Mombasa. Wanakusanya picha za stesheni ndogo za reli ya kale kabla paa hazijaanguka: Samburu, Taru, Maungu, na zile za njia ya Voi kwenda Taveta kama Maktau. Mwenye jamaa huko amwombe apige picha likizo hii aniletee darasani, hata kwa simu. Asimame kando ya reli, si juu yake, na tafadhali vyuma vyote viwili vionekane.