Je, Wajua? Mtindo wa Harvard na Mayai ya Konokono
Mtindo wa kutaja chanzo kwa jina la mwandishi na mwaka ndani ya mabano, maarufu kama Harvard, unahusishwa na Edward Laurens Mark, mtaalamu wa wanyama wa Chuo Kikuu cha Harvard. Aliutumia mwaka 1881 katika makala kuhusu mayai ya konokono asiye na gamba. Uzuri wake ni kwamba msomaji huona papo hapo utafiti ni wa lini. Wanahistoria wengi hupendelea tanbihi za mtindo wa Chicago, maana nyaraka za kale hazienei kwenye mabano. Madaktari wana mtindo wa namba wa Vancouver, uliotokana na mkutano wa wahariri mwaka 1978. Mwanafunzi, muulize msimamizi wako idara inataka mtindo upi kabla hujaanza kuandika.