Kenchi ichorwe na kuundwa chini kabla ya kupanda ukutani

USIKU wa Machi 3, 2015 mvua ya mawe iliyoandamana na upepo mkali ilipiga kijiji cha Mwakata, wilayani Kahama katika Mkoa wa Shinyanga. Watu zaidi ya 40 walipoteza maisha. Nyumba nyingi zilikuwa za udongo na kuta ziliwaangukia waliokuwa wamelala. Tangu hapo mazungumzo ya nyumba bora katika ukanda huu yamekuwa ya tofali na bati: tofali za kuchoma au za saruji badala ya tope, bati badala ya nyasi. Ni sawa. Lakini kati ya tofali na bati kuna kitu cha tatu ambacho mwenye nyumba hakioni tena baada ya siku ya kupaua, nacho ni kenchi.

Ukipita Katoro, Nyarugusu au viunga vya mji wa Geita utaona jinsi nyumba zinavyoota. Duara likitema, mchimbaji anataka kuhamia kwake kabla ya masika. Kwa mkulima wa pamba wa Shinyanga ni polepole zaidi, msimu mmoja msingi, mwingine kuta, lakini siku ya kupaua mambo ni yale yale. Fundi anapanda ukutani na futi kamba, anapima, anakata, anapigilia, kisha anahamia kenchi ya pili na kuanza upya. Mchoro hakuna. Idadi ya mbao inatoka kichwani.

Mimi ni mchumi wa kilimo, si mhandisi, na somo hili nimelilipia. Nilipomjengea mama nyumba ya futi 20 kwa 36, fundi aliniandikia mbao 70 za mbili kwa nne kwa ajili ya kenchi peke yake. Nilinunua zote. Vilibaki vipande vya kujaza toroli, na mama akavipikia.

Mbao hizo hazikuwa za jirani. Shinyanga ilifyekwa miti miaka mingi, kwa vita dhidi ya mbung'o, kwa mashamba ya pamba na kwa kuni, hadi mwaka 1986 Serikali ilipoanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI). Ngitili za Wasukuma zilizofufuliwa na mradi huo zinatoa malisho, kuni, dawa na fito, ila haziwezi kukupa mbao iliyonyooka ya futi 12. Upande wa Geita mti ukikomaa unagombewa pia na wachimbaji wadogo, wanaotaka matimba ya kuzuia kuta za maduara yasiporomoke. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mbao za kupaulia, hasa za paina, hutoka Mafinga na Njombe. Kutoka Mafinga hadi Shinyanga kupitia Dodoma, Singida na Nzega ni zaidi ya kilomita 800. Kila kipande kinachoishia mafigani kimelipiwa nauli hiyo.

Tuifanye hesabu ambayo fundi wangu hakuifanya. Nyumba ina upana wa futi 20, paa ni mgongo wa tembo, kimo cha kenchi futi 4 na upenu futi 1. Kwa vipimo hivyo mbao ya mteremko inakuwa na urefu wa futi 11 na inchi 10. Mbao ya sokoni ni futi 12, hivyo mteremko mmoja ni mbao moja, bila kiungo. Mbao ya chini ya futi 20 inatoka kwenye mbao mbili, moja nzima na futi 8 za nyingine. Futi 4 zinazobaki zinakuwa nguzo ya katikati. Mbao mbili za mshazari zinatoka kwenye mbao ya tano. Jumla ni mbao tano kwa kenchi. Ukiziweka kila baada ya futi 4, nyumba ya futi 36 inataka kenchi 10, yaani mbao 50. Mimi nilinunua 70.

Sasa mwenye nyumba aseme anataka upenu wa futi 2. Mteremko unafika karibu futi 13. Mbao ya futi 12 haitoshi tena, na miteremko yote 20 itahitaji kuungwa. Huenda upenu mrefu una sababu nzuri, kwa mfano kukinga ukuta wa tofali mbichi usiloe. Ila uamuzi huo ufanyike kwenye karatasi, gharama yake ikionekana, kabla lori halijashusha mzigo.

Kuokoa mbao ni nusu tu ya jambo. Watu wengi hudhani paa huharibika kwa uzito. Paa la bati la nyumba kama ya mama, pamoja na mbao zake, halifiki tani moja. Upepo wa kilomita 100 kwa saa una mgandamizo wa karibu kilo 48 kwa kila mita ya mraba, na ukipita juu ya paa hilo unaweza kulinyanyua kwa nguvu inayokaribia tani tatu. Ukitoa uzito wa paa, kila ncha ya kenchi inavutwa juu kwa nguvu ya kama kilo 100, na zile za pembeni zaidi ya hapo. Misumari miwili iliyopigwa kuelekea chini haitoshi, maana inang'olewa kwa njia ile ile iliyoingilia. Kinachotakiwa ni ukanda wa chuma unaozamishwa kwenye zege la lenta, unapanda kupitia kozi za juu, kisha unaikumbatia kenchi na kupigiliwa ubavuni. Ukanda huo unawekwa siku ya kumwaga lenta, wakati mwenye nyumba bado hajamtafuta fundi wa kupaua. Ndiyo maana mchoro wa paa unapaswa kuwapo kabla ya kuta kupanda.

Huko Florida, Marekani, miaka ya 1950 walibuni vibamba vya chuma vyenye meno vinavyogandamizwa kwenye viungo kwa mashine, na kenchi zikawa bidhaa ya kiwandani. Sidhani Kahama inahitaji kuanzia hapo. Karakana yenye sakafu tambarare, msumeno mzuri na kalibu iliyopigiliwa sakafuni kwa umbo la kenchi inatosha. Viungo vishikwe kwa vipande vya plaiwudi pande zote mbili, idadi ya misumari ikiwa imeandikwa kwenye mchoro wa mhandisi. Kenchi ya kwanza ikitoka sawa, ya kumi itafanana nayo, na kwenye fuso zinalala zote kumi. Kwa kijiji ambacho barabara yake ni mbaya, vipande viende vikiwa vimekatwa na kupewa namba.

Karakana itafaidi kwa jambo jingine: inaweza kukataa mbao. Mnunuzi wa mara moja hana jicho la kujua mbao mbichi, ambayo itasinyaa jua la Agosti na kulegeza misumari, wala mbao ya mti uliokatwa mchanga mno. Hata mbili kwa nne anayouziwa huenda imepungua. Tofauti si ndogo, kwani mbao ya inchi 4 ina ukakamavu zaidi ya mara mbili ya ile ya inchi 3, zote zikisimamishwa wima.

Mnunuzi wa namna hiyo, anayelipa zaidi kwa mbao kavu, iliyotiwa dawa ya mchwa na yenye vipimo kamili, ndiye anayekosekana pia kwa mkulima wa miti. Shamba la Miti Buhindi liko Buchosa, ng'ambo tu ya Geita, na Shamba la Silayo huko Chato bado lina miti michanga. Mwenye ekari mbili za paina karibu na hapo hana sababu ya kusubiri miaka 18 au zaidi ikiwa sokoni mti wa miaka 9 unauzwa kwa jina lile lile.

Nyumba ya mama tuliirudia Agosti. Tulitoboa kozi chini ya kila ncha ya kenchi, tukapitisha ukanda wa chuma chini ya lenta na kuurudisha juu. Ncha 20, mafundi wawili, siku tatu. Wakati wa kumwaga lenta ingekuwa kazi ya asubuhi moja.