Maziwa ya mbuzi: Chemsha kwanza

Michael Wood alikuwa daktari wa upasuaji, mmoja wa walioanzisha mwaka 1957 huduma ya madaktari wa ndege iliyokuja kuwa AMREF. Mwaka 1985 alishiriki kuunda shirika jingine, Farm Africa, la kuwasaidia wakulima na wafugaji maskini. Daktari na mifugo wapi na wapi? Huko Meru, kuanzia 1996, shirika hilo lilileta mabeberu aina ya Toggenburg wapandishwe na mbuzi wa kienyeji. Mwenye kishamba kidogo akapata maziwa ya watoto, na mengine ya kuuza.

Lakini msomaji, ukiletewa maziwa ya mbuzi kutoka mashambani, usiyanywe mabichi. Mbuzi aweza kuwa na viini vya brusela na bado aonekane mzima. Mgonjwa hupata homa ya kuja na kwenda, jasho la usiku na maumivu ya viungo. Nimewaona waliomeza dawa za malaria mara kwa mara bila nafuu, kumbe ni brusela, ambayo tiba yake huchukua wiki 6 au zaidi. Yachemshe mpaka yafure. Na mtoto asiyetimiza mwaka asipewe badala ya ziwa la mama, hata yakichemshwa. Yana upungufu wa folati, vitamini inayosaidia kujenga damu.