Ziwa Turkana huishi kwa mafuriko

Katika Ziwa Victoria, mbuta ni mgeni aliyepandikizwa miaka ya 1950 na kuangamiza samaki wengi wenyeji. Katika Ziwa Turkana, mwendo wa kilomita 60 hivi kutoka Lodwar, mbuta huyo huyo ni mwenyeji wa tangu kale. Aliingiaje katika ziwa lisilo na mto unaotoka humo?

Alipitia kaskazini mwa Kakuma. Maelfu ya miaka iliyopita, mvua zilipokuwa nyingi, ziwa lilifurika kupitia tambarare ya Lotikipi na kuungana na mito inayoingia Nile. Mvua zilipopungua, njia hiyo ikakatika. Ziwa likabaki jangwani, maji yakawa ya magadi, na viumbe wakajizoesha. Leo lina aina 50 hivi za samaki, na kadhaa kati yao hawapatikani kwingine kokote. Katika Kisiwa cha Kati, mamba hutaga kando ya vijiziwa vilivyo ndani ya kreta za volkano.

Binadamu pia ana historia ndefu hapa. Mwaka 1984, huko Nariokotome, mtafuta visukuku Kamoya Kimeu aligundua mabaki ya mvulana aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita. Mwaka 1888, msafara wa mpelelezi Teleki ulilipa ziwa jina la Rudolf, mwana wa mfalme wa Austria. Jina la Turkana lilitolewa mwaka 1975 na serikali ya Jomo Kenyatta.

Wavuvi wa Kalokol wanajua kwamba ziwa hili hupwa na kujaa. Kiwanda cha samaki kilijengwa hapo kwa msaada wa Norway, lakini miaka ya 1980 maji yakarudi nyuma, Ghuba ya Ferguson ikakauka, na matumaini ya kiwanda yakafifia. Miaka ya karibuni maji yamepanda tena na kumeza makazi ya watu ufuoni.

Kwa hiyo kina cha maji peke yake hakitoshi kutuambia kama ziwa ni zima. Mto Omo kutoka Ethiopia huleta takriban asilimia 90 ya maji yake, na mafuriko yake ya msimu hubeba rutuba na kuwaashiria samaki wakati wa kuzaana. Bwawa la Gibe III katika mto huo, lililozinduliwa mwaka 2016, huyazuia mafuriko hayo na kuyaachilia kidogo kidogo. Mwaka 2018, UNESCO iliziweka mbuga za ziwa hili katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini.

Kenya na Ethiopia ziandikiane mkataba unaotaja kiasi cha maji kitakachoachiliwa, na msimu wake. Mkataba huo usitiwe sahihi Nairobi na Addis Ababa kabla wavuvi wa Kalokol na Loyangalani hawajasikilizwa, kwa sababu wao ndio watakaolala njaa samaki wakiacha kuzaana.